Sahani Inayokonyeza

Mimi sijui kusifu mutu. Uliza soko lote la samaki hapa Nchelenge, watakuambia: Mathilde ana mudomo, akikusalimia vizuri jiulize umemukosea nini. Kwa hiyo nikisema mudogo wangu Chouchou ana mikono ya ajabu, ujue nimebishana na nafsi yangu mpaka nikashindwa. Nimetafuta kasoro. Bado natafuta.

Tulivuka mupaka pamoja kutoka Pweto wakati wa vita, yeye na mimi. Mimi nikaolewa na muvuvi wa hapa, Davison. Majirani wanamuita BashiMwenya, yaani baba ya Mwenya, binti yetu aliyeolewa Mununga, na mimi wananiita BanaMwenya. Chouchou alibaki katika kambi ya wakimbizi, analima muhogo wake, na akichoka na upweke anakuja kwangu kula bukari, ugali wetu, na kusikiliza matusi yangu. Anayapenda, nadhani. Hajawahi kuyajibu; ananiita tu yaya, dada mukubwa.

Sasa huo muchezo. Hugues, mwalimu wa michezo pale kambini, alikuwa amejifunza Uganda kutupa sahani za plastiki. Si sahani za kulia. Ni nzito, zina ukingo mukali, na zinaruka mbali kuliko unavyotegemea. Unasimama mahali, unatupa sahani kuelekea kikapu cha minyororo kilicho juu ya nguzo, unaifuata ilipoangukia, unatupa tena, mpaka iingie kikapuni. Aliyetupa mara chache njo mushindi. Vikapu walivichomelea kwa rimu za baiskeli na minyororo mibovu, wakavisimamisha kando ya ziwa, kati ya muchanga tunapoanika chisense, vile visamaki vidogo, na matete. Nilipoviona nilisema hawa watu wazima wamekosa kazi. Mume wangu akajiunga siku ileile.

Na alikuwa hodari, vraiment. Mukono uliorusha nyavu tangu utoto haukuhitaji kufundishwa kurusha sahani. Halafu macho yakaanza. Kliniki walisema ni mishipa ya ndani ya jicho, inakufa kidogo kidogo, na iliyokufa hairudi. Kwanza aliacha kusoma Biblia kanisani. Halafu akaacha mutumbwi, akamuachia mutoto wa dada yake, na siku ile alirudi kutoka majini akala, akalala. Kilichobaki ni sahani za Jumamosi. Mukono ulikuwa bado uleule, lakini sahani ikishamutoka, hakujua imekwenda wapi. Jirani yetu Kabaso, mutu mwema asiyejua kunyamaza, njo alikuwa anamuonyesha: "Kushoto, BashiMwenya. Apana, kushoto zaidi. Umeipita." Mimi nilimuongoza, mukono wake juu ya bega langu.

Jumamosi moja, tukirudi nyumbani namna ile, akaniambia: "BanaMwenya, muvuvi anayeonyeshwa nyavu zake na wenzake si muvuvi tena. Jumamosi ijayo nisipoiona mimi mwenyewe, namurudishia Hugues sahani zake. Nitakaa nyumbani."

Mutu mwingine akisema hivyo, unamupa chai na anasahau. Davison akisema atakaa, atakaa. Shangazi yake alikaa hivyo, akitazama ukuta, watu wakimuletea chakula na kuondoa chakula, mpaka tukamuzika. Niliogopa. Nasema wazi, maana sina haya: niliogopa kumupoteza mume wangu akiwa bado anapumua nyumbani mwangu.

Nikamuendea Chouchou, kwa sababu yeye njo alikuwa anapamba sahani za wachezaji wote.

Kazi yake ni hii. Amepigilia kigogo ardhini, na juu yake amelaza gurudumu la baiskeli linalozunguka kimya, halitikisiki hata kidogo. Juu ya gurudumu anafunga sinia. Ndani ya sinia anamimina uji wa wanga wa muhogo, laini, aliouchuja kwa kitambaa mpaka hauna punje. Anazungusha kwa mukono wa kushoto, na kwa mukono wa kuume anadondosha rangi kwa bomba la sindano ambalo sindano yake imetolewa. Rangi yenyewe si ile ya nguo. Ile aliijaribu mwanzoni, ikatoka yote kwenye maji ya kwanza, nikacheka mpaka nikakaa chini. Hii ni rangi ya plastiki ambayo Hugues anamuletea kutoka Lusaka. Tone likigusa wanga unaozunguka, linakimbia na kujifunga duara. Anatia jingine ndani yake, na jingine tena, bluu, nyekundu, njano, na hakuna inayomeza mwenzake. Kisha anachukua njiti ya ufagio, anaigusisha katikati na kuivuta nje, na miduara yote inafunguka kuwa ua. Nimemutazama mara nyingi nikijifanya nachambua muchele.

Mwisho anaigeuza sahani kifudifudi juu ya wanga, katikati kabisa, kwa jicho tu, na kuiacha mpaka kesho yake. Rangi inaingia ndani ya plastiki. Ikishaingia haitoki. Ukikosea, umekosea mpaka Yesu arudi.

"Mutengenezee shemeji yako ua kubwa," nikamuambia. "Jekundu, ambalo hata kipofu ataliona."

Chouchou akatikisa kichwa. "Ua iko muzuri kama sahani imesimama, yaya. Ikizunguka, rangi zote zinachanganyika, inakuwa kama maji ya mafuriko."

"Basi tia miduara."

"Miduara inabaki vile vile hewani. Haina kitu inafanya. Shemeji hataiona." Akachungulia kikopo cha rangi. "Na iko sahani moja tu nyeupe ilibaki, na rangi ya sahani moja. Acha nifikiri kwanza."

Kufikiri kwake kukawa kuja nyumbani kwangu na kukaa. Alikaa, akala, akamutazama Davison. Davison akishika kikombe, anamutazama. Davison akigeuza kichwa ndege akipita, anamutazama. Juma linakatika, gurudumu limesimama, na huyu amekunja miguu kwenye mukeka wangu. Nilimuambia kama anataka kutazama wanaume aende sokoni, wako wengi na wana macho mazuri. Akacheka, akaongeza mboga.

Siku ya Alhamisi mbuzi wa Kabaso waliingia kwenye chisense zangu. Nilivua kitenge cha mabegani, nikakimbia nikikipunga, nikiwatukana wao, na mama yao, na Kabaso mwenye kuwafuga. Muchanga ule uko mbali na nyumba. Davison alikuwa ameketi mulangoni. Akaita kwa sauti ya kucheka: "BanaMwenya, unagombana na nani tena?"

"Na mbuzi," nikamujibu, nikaendelea kupunga.

Kwangu hayo yaliishia pale. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini mimi ninayo mawili mazima na sikuona kitu. Niliporudi nikamukuta Chouchou ameacha tonge kwenye sahani.

"Shemeji," alikuwa akimuuliza, "ulimuona yaya?"

"Simuoni," Davison akasema. "Naona kitu kinapigapiga. Nikajua ni yeye, nani mwingine?"

Chouchou akanawa mikono na kuondoka. Hakuaga.

Ijumaa nilikwenda kambini kuiona sahani ikioshwa. Njia nzima nilikuwa naliona ua langu jekundu. Chouchou akaitoa kwenye wanga, akaimwagia maji, akaifuta kwa kiganja, akanipa.

Ilikuwa njano, njano tupu, na upande mumoja doa kubwa jeusi kama tako la sufuria. Hata si katikati. Aliilaza kombo kwa makusudi, mutu ambaye sijawahi kumuona akikosea hata kwa upana wa ukucha.

Nikawaka. Nilimuambia ameiharibu, amemudhihaki mume wangu, hata mutoto wa kuchezea matope angepata katikati ya sinia. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa kwa heshima ya marehemu mama yetu. Chouchou alikuwa anaosha bomba lake la sindano, taratibu, ndani na nje.

"Yaya, hii si ya kutundika ku ukuta," akasema nilipopumua. "Ngoja iruke."

"Rangi ilibaki?"

"Ilikwisha."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jioni Davison aliishika, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaigeuza huku na huku karibu na uso. "Iko muzuri?" akaniuliza. "Iko na rangi," nikamujibu. Akaiweka kando ya kitanda.

Jumamosi upepo ulikuwa mudogo na ziwa limetulia. Hugues alikuwapo, na Kabaso, na wachezaji wengine. Wote walikuwa wamesikia alichoapa Davison, kwa hiyo hakuna aliyetania. Wengine walisimama na sahani zao kifuani, maua na nyota za Chouchou juu yake, nzuri zote, na ile ya mume wangu katikati yao kama mutu aliyekuja harusini na nguo za shamba. Chouchou alisimama nyuma, mikono ndani ya kitenge.

Davison akapanga miguu. Akavuta mukono nyuma, akatupa.

Kabaso akafungua kinywa. Nikamukanyaga muguu.

Ndipo nikaiona ile kazi. Doa halikupotea hewani. Lilikwenda upande huu, likaja upande ule, giza, mwanga, giza, mwanga, na sahani nzima ikawa inakonyeza njia yote juu ya matete. Ilipoanza kuchoka na kulala ubavu, ikakonyeza polepole zaidi, kwa nguvu zaidi. Nilikijua kitu kile. Kilikuwa kitenge changu na mbuzi. Ule ukombo niliouita uharibifu njo uliokuwa ukipunga. Mutu aliyeweza kutengeneza ua ambalo kila mutu angelisifu aliliacha, akatumia rangi yake ya mwisho kutengeneza kitu kibaya ambacho mutu mumoja tu angekiona. Mungu alipomupa Chouchou mikono ile, alijua anachofanya.

Nikageuka kumutazama. Hakuwa akitazama sahani. Alikuwa akitazama macho ya Davison.

Kichwa cha Davison kilikuwa kinageuka. Kiligeuka pamoja na sahani, kidogo kidogo, kikashuka nayo, kikasimama. Kidole chake kikapanda.

"Naimona," akasema, kwa Bemba, lugha ya mama yake. Halafu akarudia kwa Swahili, ili mwenye kazi asikie: "Shemeji, naiona. Imeanguka pale, karibu na mutumbwi uliopinduka."

Ilikuwa pale.

Nilimusogezea bega kama kawaida. Hata hakuligusa. Alinipita, akaenda, akipapasa ardhi kwa miguu lakini uso wake umeelekea palepale alipoonyesha. Hugues akachukua hatua moja kumufuata, Chouchou akamushika shati. Tukabaki tumesimama, na bega langu limekuwa jepesi, silizoei. Alifika kwenye mutumbwi, akazunguka upande mumoja, akainama, akanyanyuka na sahani mukononi.

Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nikavuta ncha ya kitenge kujifuta, yakazidi, nikajifuta tena, kitenge kinapigwa na upepo huku na huku, na mimi napigana nacho mbele ya watu wote.

Kutoka kule kwenye mutumbwi Davison akaniita.

"BanaMwenya, unagombana na nani tena?"

"Na mbuzi," nikamujibu.