Maziwa Yaliyokataliwa

...na yasipande haraka basi, nimepunguza moto, mwiko uko ndani ya sufuria, mtoto ananivuta sketi na kikombe chake mkononi, "mama, mazia, mama, mazia," subiri Bonge, yana moto, na laiti moto ndio ungekuwa tatizo, maana mpimaji wa kituo cha maziwa leo tena amechovya kile kikaratasi chake, akakitazama, akanisukumia ndoo kama vile nimemletea mkojo, "Mama Bonge, sumukuvu imezidi, hatupokei," mbele ya foleni nzima, uso niuweke wapi, na mimi kila asubuhi nachanganya ule unga wa bakteria kwenye pumba za ng'ombe, kijiko kimesawazishwa, maji ya baridi, hivyohivyo alivyonielekeza bwana mifugo, eti ni bakteria wazuri, wanaikamata sumu ya ukungu humo tumboni, inatoka na mavi, haifiki kwenye kiwele, haya, na mwanzoni ilikuwa kweli, maziwa yalipita, mpimaji akanichekea mpaka jino la mwisho, sasa leo imekuwaje, unga wameuchakachua, bwana mifugo kaniletea majivu, akipita hapa na pikipiki yake atanitambua...

"Chemsha tu, tutakunywa wenyewe!" baba yake huyo, yuko nje anashusha magunia, chemsha tu, chemsha tu, nimeshamwambia sumukuvu haisikii moto, na inakula ini, mpimaji mwenyewe kasema, akanijibu mbona sisi tumeyanywa tangu utotoni na hatujafa, ndizo zao, mtu akiishiwa hoja anajitolea ushahidi kwamba hajafa... anasema nini tena, anahema na gunia mgongoni, "...za bei poa, mwenye ghala alitaka kuzitupa, zina ukijani kidogo tu..." ukijani gani, pumba zina ukijani gani, "...si dawa ipo? Tangu ulete dawa mimi sihangaiki kuchagua..."

Ngoja. Ngoja kwanza. Tangu nilete dawa. Kumbe! Kumbe namtukana bwana mifugo wa watu bure, na alisema, jamani alisema, unga huu unapunguza, haufuti, pumba lazima ziwe kavu, zisiwe na ukungu, na baba Bonge alikuwa palepale anaitikia kwa kichwa, ndiyo bwana, ndiyo bwana, kumbe alisikia neno dawa akaziba masikio, mimi nachota maji yeye anatoboa ndoo, gunia baada ya gunia, na anajiona mjanja, ningekuwa na nguvu ningemlisha yeye hizo pumba, na povu linaanza pembeni mwa sufuria, na haya hayaendi kituoni, yanaenda kwenye tumbo la huyu, meno yenyewe hayajatimia, kule kuna mtu wa kuyakataa, humu ndani nani, nani kama si mimi, nitayamwaga, na yale magunia nayo yatatoka, tugombane, majirani wasikie, "mama, mazia," leo hakuna, mwanangu, leo uji wa maji, haya, kaanza kulia, "Yamechemka?" anauliza baba yake, naipua sufuria nikayamwage, huyu alie tu, machozi yatakauka, ini lake halina spea.