Kikohozi Nilichomupa Kahambu

Mudogo wangu Kahambu hakuwa na kikohozi. Kikohozi nilimupa mimi, yaya yake, dada yake mukubwa, mimi Euphrasie, kwa mudomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 1994, tunakaa Ubelgiji, Bruxelles, mutaa wa Ixelles, karibu na Flagey, ghorofa ya tatu. Kahambu alikuwa amemaliza miaka miwili tangu atoke kwetu Butembo, Zaïre. Akaanza kusikia sauti ndani ya ukuta, zinamutaja jina, zinamutukana, mpaka akaacha kulala. Hospitali ikamulaza wiki tatu. Kanisani nilisema ameenda Liège kutembelea rafiki. Eh! Na pale kwenye mulango wa pavillon yake, ile wodi ya wagonjwa wa akili, waliandika "psychiatrie" kwa herufi kubwa, mimi ninaingia nimejifunika kitambaa kama muizi. Akatoka na vidonge vya kumeza kila siku.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, infirmière mumoja, muuguzi mwenzangu, akanipa adresi ya muganga Muchina. Nilimupenda hata sijamuona bado. Kwake watu wanapeleka mugongo na magoti, hakuna mwenye atauliza kitu. Huyo muganga, Monsieur Shen, alishika mukono wa Kahambu, vidole vitatu kwenye mushipa, kuume, kisha kushoto. Akaangalia ulimi. Akauliza usingizi, ndoto, hata choo. Halafu akanieleza kwa Kifaransa: makohozi yamefunika moyo wake, ndiyo maana akili haioni njia.

Makohozi! Kidogo tu nimukumbatie yule muzee. Muntu wa makohozi si muntu wa wazimu, ama?

"Hii mizizi itamusaidia kulala," akasema, "lakini vidonge vya hospitali asiache hata siku moja. Madame, mutafsirie vizuri."

Kahambu hakujua Kifaransa, ndivyo nilivyoamini. Nikamugeukia.

"Anasema utakunywa hii dawa asubuhi na magaribi."

"Na vidonge?"

"Vidonge, bon, ile haina kazi tena. Ni makohozi tu."

Aliniangalia kidogo. "Sawa, yaya."

Vidonge nilienda kuvitupa kwenye poubelle ya kazini, pipa la takataka, jirani wasione boîte, ile pakiti yake. Ile mizizi nayo nilikuwa ninaichemusha saa nzima, harufu inashuka mpaka kwenye ngazi. Siku moja Maman Cécile, présidente wa chorale yetu ya kanisa, akaingia na pua juu.

"Euphrasie, hii ni nini? Mumeanza mambo ya fetishi, ya uchawi?"

"Yesu wangu! Ni dawa ya kikohozi, ya mudogo wangu."

Na Kahambu, pale kwenye kiti, akakohoa. Kikavu, mara mbili, vizuri kabisa. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya, nilifurahi sana. Toka siku ile kila mugeni akigonga, Kahambu anakohoa, na wamama wanamuletea asali na tangawizi.

Wiki ya sita nilirudi kazini nikamukuta kwenye corridor, amekaa chini, anachimba ukuta na kijiko. Alikuwa anatafuta wale wanaosema. Kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Hakunijua. Nikaita ambulance, nikalia mbele ya majirani wote, na hata pale, Mungu anisamehe, niliangalia nani amefungua mulango.

Siku ya tano pale hospitali, akili ikaanza kumurudia kidogo. Docteur akauliza ameacha vidonge tangu lini. Nilikuwa nimeshafungua mudomo kusema uongo. Kahambu akamujibu mwenyewe, kwa Kifaransa, polepole: tangu tulipoenda kwa Muchina, na yule Muchina alikataza kuviacha.

Docteur alipotoka, nikamuuliza, "Ulielewa siku ile?"

"Nilielewa, yaya. Miaka miwili ninaangalia télé, nikose kuelewa?"

"Sasa mbona uliacha?"

"Niliona vile aibu yako inakuumiza kuliko zile sauti zangu. Nikasema niache, upumuzike."

Nilikaa pale ninakunja na kukunjua ile shuka yake.

Siku ya Mungu, Jumapili, kisha ya misa, mulango wa chumba chake ukafunguka. Maman Cécile. Jirani alimwambia wapi tuko. Alikuwa na chupa ya asali mukononi, na macho yake yalikuwa yametoka kusoma ile psychiatrie ya mulangoni.

"Kikohozi ndiyo imewaleta mpaka huku?" akauliza.

Kahambu, midomo mikavu, akaanza kukohoa.

"Acha," nikamwambia. "Maman Cécile, hana kikohozi. Hakuwa nacho hata siku moja. Ni kichwa yake inagonjwa, na dawa yake niliitupa mimi."

Sijui kama alisikia yote. Kahambu alikuwa ameinuka kwenye kitanda, amenishika mukono, anakohoa kwa nguvu zake zote ili maneno yangu yasisikike.