Nyumba Moja ya Mawe

Jeconia alikuwa nyapara katika shamba la kahawa la Bwana Pringle, nje kidogo ya Ruiru, na mwaka ule wa 1956 hakuna kazi iliyomsumbua kama kutafuta watu. Wakikuyu waliokuwa wakichuma pale walipakiwa kwenye malori wakapelekwa kizuizini Hali ya Hatari ilipopamba moto, na tangu hapo kila shamba na kila kiwanda, toka Ruiru mpaka Thika, kiligombania mikono ileile michache. Ndiyo sababu mwezi wa pili Bwana Pringle alimkatia tikiti ya treni, akamtuma kwao Ugenya akalete watu.

Kabla hajaondoka, Bwana alimpeleka nyuma ya ghala akamwonyesha misingi minane iliyochimbwa. "Nyumba ya mawe," akamwambia. "Ya mtu na bibi yake. Wewe ambia watu."

Jeconia akawaambia. Aliwaambia kanisani, baada ya ibada, akiwa amesimama kando ya pasta mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Alisema nyumba zina mabati na kwamba misingi ameiona kwa macho yake. Wanaume kumi na wawili wakafunga mizigo. Mmoja wao alikuwa Absalom, mtoto wa dada yake, aliyekuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye mashine za pamba.

Walipofika, kwenye misingi nyasi zilikuwa zimeota hadi magotini. Wakatiwa wanne wanne katika vibanda vya udongo ambavyo moshi haukuwa na pa kutokea. "Ngojeni kidogo," Jeconia aliwaambia, kwa kuwa naye aliambiwa hivyo hivyo.

Walingoja. Absalom aliizoea mashine ya kukoboa kahawa ndani ya wiki moja tu. Ikianza kukwama, alijua kwa mlio kabla haijasimama. Mkewe alikuwa mjamzito, na kila barua kutoka nyumbani iliuliza swali lile lile: nije lini? Mwezi wa sita watu watatu wakaondoka bila kuaga. Kiwanda cha kutia mananasi makoponi kule Thika kilikuwa kikiandika watu mlangoni, na wenye wake walipewa chumba. Mwezi wa saba wakaondoka wengine wawili.

Bwana Pringle alikasirika, akachinja ng'ombe Jumamosi ili waliobaki wafurahi. Absalom aliitazama nyama iliyowekwa mbele yake akairudisha kwenye sinia. "Sikuja kwa ajili ya nyama," alisema, na Jeconia akajifanya hakusikia.

Halafu mafundi wakaja, wakajenga nyumba moja. Ilipokwisha, Bwana alimpa Jeconia ufunguo asubuhi, watu wote wakiwa wamepanga foleni ya kuhesabiwa. "Kama watu naona wewe nakaa, na wao nakaa," alisema. Jeconia aliupokea. Alijiambia kwamba ya pili itafuata, ila moyoni alijua amepokea kwa sababu aliitaka.

Mkewe, Aoko, akaja na masanduku mawili na kuku. Alisugua sakafu, akatundika pazia dirishani, akasubiri majirani waje kumsalimu. Hakuja mtu. Siku ya nne akaja Absalom peke yake, akasimama nje ya mlango.

"Kesho naenda Thika, jaduong'," alisema, kwa neno la kwao la kumwita mzee.

"Na mashine nitamwachia nani?"

"Huyo aliyekupa nyumba."

Jeconia alimfokea. Alimwita mtoto asiye na shukrani, akamkumbusha nani alimtoa kijijini. Absalom alisikiliza mpaka mwisho. "Uliniambia mbele ya mama yangu," akasema, kisha akaenda zake. Jeconia akabaki mlangoni, na kadiri alivyotafuta wa kumlaumu, hasira ilizidi kumrudia mwenyewe.

Mwezi wa kumi buni zilikuwa zinaiva na kudondoka chini, na mashine ilikuwa ikikwama mara mbili kwa wiki. Bwana Pringle akamwita ofisini. Tikiti ilikuwa tayari mezani.

"Lete watu ishirini," alisema. "Sasa wewe naweza ambia watu ile nyumba ni ya kweli. Wewe nalala ndani."

Hapo ndipo Jeconia alipoielewa nyumba ile. Kwa miaka tisa alikuwa akizungumza na mtu huyu huku ameinamisha kichwa. Safari hii alikiinua.

"Sitaenda," alisema. "Na nitamwandikia pasta barua aisome kanisani. Nitasema nilidanganywa, na mimi nikawadanganya. Ukimtuma mwingine, atafika barua imeshasomwa."

Uso wa Bwana ukageuka mwekundu. "Toka kwa nyumba yangu kabla ya saa sita."

"Nyumba zako zilikuwa ziwe nane," Jeconia alisema, akauweka ufunguo juu ya tikiti.

Nyumbani, Aoko alikuwa akichambua mboga. Alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akaitupa sufuria ukutani.

"Ulipoichukua hukuniuliza," alisema. "Unapoirudisha pia huniulizi. Mimi nimeacha shamba langu nikaja hapa kuchekwa, na sasa natolewa kama mwizi."

"Ningefanya nini?"

"Hayo ungeyasema siku ile aliyokupa ufunguo. Siku ile yangekuwa na maana."

Walifunga mizigo, kila mmoja akivuta vitu vyake kwa nguvu kupita ilivyohitajika. Wakapata lifti ya lori la mkonge mpaka Thika.

Karani wa kiwandani alimuuliza amefanya kazi gani. "Nyapara," Jeconia akajibu. Karani akasema wanyapara wametosha, iliyobaki ni kubeba makreti. Jeconia akasema atabeba.

Kazi ilipokwisha jioni, Absalom alimkuta langoni, amekaa juu ya sanduku kando ya Aoko. Alisimama akawatazama. Kwanza alimwamkia Aoko kwa heshima zote, akamwambia kwamba mke wake amekwisha fika, amejifungua mtoto wa kike, na anahitaji mtu mzima wa kumsaidia. Akanyanyua sanduku la Aoko.

"Na mimi?" Jeconia aliuliza.

"Chumba ni kidogo, jaduong'," Absalom alisema. "Mtaa wa Majengo kuna vitanda vya kukodi. Uliza kwa Kimeu, mwenye hoteli."

Aoko aligeuka mara moja kumtazama mumewe, kisha akamshika kuku wake kwapani, akamfuata Absalom.