Dole la Katekista Isidori

Siku ya kusajili laini, wakala alipanga meza yake mbele ya ghala la kahawa la Lipumbiko, chini ya mwavuli wa rangi mbili, na Bibi Emiliana Kapinga alikuwa mtu wa kumi na nne kwenye foleni. Alikuwa na miaka sabini na moja. Zamu yake ilipofika aliweka kidole gumba kwenye kioo kidogo cha mashine, na mashine ikaandika: jaribu tena. Wakala akakifuta kidole kwa kitambaa chenye maji. Akakipaka mafuta ya kujipaka, akakifuta tena. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, akahamia mkono wa kushoto. Jaribu tena. Miaka sitini ya kuchimba ngolo, yale mashimo ya kuzuia mmomonyoko, kwenye miteremko ya Umatengo na kuchuma kahawa ilikuwa imeisugua mistari yote, na vidole vya Bibi Emiliana vilikuwa laini kama yai.

"Namba ya utambulisho unayo, bibi," wakala alisema. "Alama ndiyo huna."

"Nipo hapa, mwanangu."

"Mimi nakuona. Mashine ndiyo haikuoni."

Siku hiyo walikwama watu tisa, wengi wao wazee, pamoja na kijana mmoja aitwaye Henry aliyekuwa akifyatua matofali tangu amalize shule. Aliyewaokoa wote ni Katekista Isidori Kinunda. Vidole vyake vilikuwa na mistari kamili, kwa sababu ambazo mkewe Kalista alizieleza bila kuombwa: Isidori alikuwa karani wa parokia kwa miaka ishirini na sita, na shamba lao lilichimbwa na Kalista. Isidori aliweka gumba lake mara tisa, na laini zote tisa zikasajiliwa kwa jina lake. Wakala alisema sheria ina idadi yake, kisha akasema mtandao leo uko vizuri, tuendelee.

Jumapili iliyofuata padre hakuwepo, kama kawaida ya kigango, na Isidori ndiye aliyeongoza ibada. Alikuwa katikati ya somo la pili, pale Mtume anapowasihi watu wavumiliane, alipotua na kusema kwa sauti ileile: "Usipa wa Lituhi umefika bei gani, nijibu haraka gari linaondoka." Kisha akaendelea na kuvumiliana. Mzee mmoja wa benchi la nyuma, mchuuzi wa dagaa hao wa ziwani, akaingiza simu ndani ya koti. Ibada iliisha kwa wakati wake.

Tangu siku hiyo, chochote kilichoandikwa kwenye laini zile tisa kilipitia mdomoni mwa Isidori kadiri kilivyoandikwa, neno kwa neno. Simu za kuongea zilikwenda zenyewe bila kumsumbua. Lakini ujumbe wote ulipita kwake, na hata yale maswali ambayo mtu huiuliza simu yake tu kwa kuwa hana mwingine wa kumuuliza. Waliokuwa wakiandika haraka walimtoka haraka. Bibi Emiliana, aliyesoma mpaka darasa la nne, aliandika polepole sana, na Isidori aliweza kusimama na jembe la mtu mkononi, mdomo wazi, akisubiri neno la pili la salamu.

Padre alipokuja mwisho wa mwezi alimsikiliza kwa nusu saa, kisha akasema huyu si Roho Mtakatifu, maana Roho Mtakatifu hajawahi kuuliza bei ya usipa. Fundi cherehani Praygod, ambaye ni mlokole na hana maoni madogo, alisema ni karama ya lugha na kinachokosekana ni mfasiri. Kalista alisema ni mwanamume amezidi kuongea. Mambo yakabaki hapo.

Siku moja, katika mazoezi ya kwaya, Isidori alikuwa anagawa karatasi za nyimbo akasema: "Je, mtu asiyeamini tena anaweza kuendelea kuimba kwaya?" Alimaliza kugawa karatasi. Henry, aliyekuwa amesimama na waimba besi huku simu ikiwa nyuma ya mgongo, aliangalia sakafu. Waimba besi walisogea kidogo wakamwachia nafasi karibu na dirisha, kwenye hewa, na wimbo ukaanza.

Lakini Isidori alilala vibaya siku ile. Aliona aibu kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake. Kesho yake akatangaza kwamba kila siku saa nne atapanda kilima cha mikaratusi, pale unapoliona Ziwa Nyasa lote mpaka milima ya ng'ambo, na atashuka saa sita. Mwenye jambo lake aandike wakati huo. Kwa hiyo kila saa nne watu walimtazama akipita na viazi vyake kwenye kitambaa, wakamsubiri apotelee kwenye miti, ndipo wakatoa simu. Kule juu Isidori aliyasema yote, ya ugonjwa, ya mapenzi na ya kusengenyana, na hakukuwa na mtu wa kuyasikia ila yeye. Hakuyarudia kwa yeyote. Kalista alijaribu kumchokonoa kwa miezi miwili mizima akaambulia patupu, na jambo hilo lilimkera kuliko yote aliyowahi kufanyiwa katika ndoa.

Mwezi wa saba bomba la shule lilizinduliwa. Mgeni rasmi alifungua koki, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Maji yale yalikuwa yamechotwa na wanafunzi tangu asubuhi kwenye chemchemi ya bondeni, ndoo kwa ndoo, na kumiminwa kwenye tenki kwa ngazi ya miti, kwa sababu mabomba ya kuleta maji hayakuwa yamefika. Yalitosha kwa dakika nane. Mjukuu wa Bibi Emiliana, Jacqueline wa darasa la tano, alianguka kwenye ngazi akavunjika mkono, akakalishwa nyuma ya jiko la shule mpaka mgeni alipoondoka. Mfupa ulifungwa kwa kuchelewa, ukaunga vibaya.

Bibi Emiliana alingoja mtu aseme. Alingoja wiki tatu. Kisha asubuhi moja, saa nne na robo, Isidori akiwa kilimani, aliandika kwenye kundi la Wasapu la maendeleo ya kijiji, lenye watu mia mbili na kumi na wawili: "Bomba la shule halina maji. Yale yalikuwa maji ya watoto." Isidori aliyasema maneno hayo akiwa na kiazi mkononi, akajua ni nani na akajua kitakachofuata. Hakumaliza kiazi.

Siku ya tatu aliitwa na mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa kijana aitwaye Wilfred, mpole, msafi, aliyewaamkia wazee kwa mikono miwili. Wala hakuwa mtu mbaya, na hilo linaudhi zaidi. Alimpa Isidori kiti, akaweka fomu mbili mezani.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba."

"Kwenye mfumo, bomba linatoa maji. Kwa hiyo aliyeandika halitoi amesambaza uongo. Laini iliyoandika ni yako. Ukikubali ni wewe, unajaza fomu hii, unateremka kituo cha polisi na pikipiki ya mchana. Ukisema ni mwingine aliyeitumia, unajaza hii ya pili, unaandika jina lake, na anateremka yeye."

"Wewe unajua ni nani?"

"Kijiji kizima kinajua. Hata mimi namba ile nimeihifadhi kwa jina la Bibi Emi."

"Basi umeniitia nini?"

"Sikukuita mimi, Katekista. Mfumo umekuita."

Isidori aliogopa, hakuna haja ya kuficha. Hakuwa amewahi kulala mahali pa kufungiwa, na kahawa ilikuwa bado mitini. Aliitazama fomu ya pili muda mrefu. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, nafasi ya jina moja tu na dole. Aliisukuma upande wa Wilfred. Wilfred akaiacha palepale katikati, ili mtu aweze kubadili mawazo.

Ndipo Bibi Emiliana alipoingia. Alikuwa ametembea kutoka kwake amevaa kitenge cha kwenda kanisani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwache Katekista aende nyumbani. Niliandika mimi. Andika hapo, na pia andika habari ya mkono wa mtoto, ndiyo sababu niliandika."

Wilfred alishika kalamu, kwa sababu alikuwa mtu wa taratibu, akavuta karatasi mpya, kisha akamsogezea kibweta cha wino. Bibi Emiliana alibonyeza gumba lake kwenye karatasi. Alipoliondoa palibaki doa jeusi, duara, halina hata mstari mmoja. Wilfred akaigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Akamwomba ajaribu la kushoto. Likawa doa la pili.

"Nitaandika jina langu kwa mkono," Bibi Emiliana alisema. "Nalijua."

"Jina mtu yeyote anaweza kuliandika, bibi. Fomu inataka dole. Halafu kwenye mfumo wewe huna laini. Mtu asiye na laini anakuwaje ameandika?"

"Kwa hiyo mimi siwezi kukosa?"

Wilfred alifikiri. "Huwezi kukosa," alisema, "na huwezi kulalamika. Samahani sana, bibi."

Bibi Emiliana alimtazama, akamtazama Isidori, akatoka. Alikaa kwenye benchi la nje, chini ya ukingo wa paa, akatoa simu kwenye fundo la kitenge. Haikuwa hata saa tatu. Isidori alimwona kwa dirisha akiinamisha kichwa na kunyoosha kidole kimoja, na akafumba macho.

"Mimi," Isidori alisema.

Wilfred aliinua kalamu.

"Mimi ni bibi yake Jacqueline."

"Katekista, wewe si bibi," Wilfred alisema. Isidori hakuweza kumjibu, kwa kuwa mdomo ulikuwa na kazi. Wilfred akafuta neno, akaandika jirani, akangoja.

Maneno yalikuja mojamoja, na mwandiko wa Wilfred, ambao ni wa kupendeza na wa taratibu, uliendana nayo vizuri kabisa. Saa moja asubuhi walipewa ndoo. Walipanda ngazi mpaka kwenye tenki. Yeye alipanda mara sita. Mara ya saba ngazi iliteleza. Mwalimu alimwambia asilie, mgeni yuko njiani. Alikaa nyuma ya jiko mpaka saa tisa, akisikia watu wanapiga makofi. Mkono umeunga umepinda. Hawezi kujisuka. Sitaki mtu afungwe. Nataka iandikwe.

Ilichukua saa nzima na dakika kumi. Wilfred aliisoma yote kwa sauti kuhakikisha. Alipofika kwenye makofi alitua, akanywa maji, akaendelea. Kisha akasema maelezo yamekamilika, akamsogezea Isidori wino. Dole la Isidori lilitoka safi, mistari yote ikizunguka mahali pake, na Wilfred akagonga muhuri. Bibi Emiliana alikuwa bado nje. Aliipangusa simu kwa upindo wa kitenge akairudisha kwenye fundo.

Isidori alikaa huko chini siku kumi na moja. Walimhoji, naye akajibu kwamba dole ni lake. Siku ya kumi na mbili walimwachia kwa onyo, wakamwambia mtu wa dini asijiingize kwenye mambo ya maji. Kalista alikuwa amekwisha kuchuma kahawa yote. Parokia ilimwomba apumzike kuongoza ibada mpaka mambo yapoe, na nafasi yake akapewa Henry, ambaye husoma vizuri na sauti yake inafika mpaka nje. Laini tisa zote zilifungwa. Maelezo yenye dole yaliwekwa kwenye faili la mtu aliyekiri kusambaza uongo, yakiwa na habari yote ya ngazi na ya mkono, na faili likafungwa kwa kuwa mkosaji ameonywa. Bomba la shule liliwekewa kufuli ili watoto wasiliharibu. Watoto wanapita mbele yake wakienda chemchemi.

Meshack, mwana wa Bibi Emiliana anayefanya biashara ya usipa Lituhi, alimtumia mama yake ujumbe kwa mdomo wa dereva wa fuso: aache kuhangaika na ile simu, laini imekufa. Bibi Emiliana alishukuru. Kila siku akimaliza kazi za asubuhi hukaa mlangoni akaandika, na simu humjibu kwamba ujumbe haukutumwa, na yeye huiweka chini.

Saa nne na nusu, kwenye kilima cha mikaratusi, Isidori husimama. "Leo kuna baridi," husema. Hungoja. "Mkono unamuuma mtoto." Ziwa liko palepale chini, na upande huo hakuna kijiji cha karibu. Hungoja kidogo tena, kama kuna neno lililobaki, kisha hukaa na kumenya viazi vyake.