Lesi ya Mita Mbili

Juu ya mlango wa karakana ya ushonaji palining'inia kibao chekundu kilichoandikwa "Mkasi wa Dhahabu". Jina hilo fundi hakupewa na wateja, wala na aliyemfundisha kazi. Alijipa mwenyewe, akalipaka rangi mwenyewe, na watu, kwa uvivu wa kubishana, wakalifuata. Mama mkwe wake, mwalimu mstaafu wa hisabati, kila alipopita chini ya kibao kile alikikunjia uso kama anayesahihisha daftari chafu.

Siku hiyo hakupita. Aliingia, kwa sababu mjukuu wake, aliyekuwa aolewe kesho yake, alimjia mbio huku akilia.

"Bibi, Baba anataka kuikata lesi ya Mama!"

Lesi yenyewe ilikuwa imelazwa juu ya meza ya kukatia: utepe mweupe wa kroshia, mita mbili na ziada ya vidole viwili. Marehemu mama yake binti aliufuma kwa ajili ya gauni hili hili, na mkono ule haukuwepo tena wa kuongeza hata kitanzi kimoja. Mkia wa gauni ulikuwa na vipande viwili vya hariri, kila kimoja pembetatu yenye pembe mraba. Lesi ilikusudiwa kupanda kwenye mshazari, ule upande mrefu, wa kipande kimoja, igeuke, ishuke kwenye mshazari wa mwenzake, pasipo kiungo.

"Haitoshi, Mama," alisema fundi, mkasi mkononi. "Kila mshazari una sentimita mia na saba. Naikata katikati, napachika lesi ya dukani pale konani. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema binti.

"Wewe utakuwa mbele, mkia utakuwa nyuma. Utauona kwa kisogo?"

Bibi alivuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Pande mbili zinazokutana kwenye pembe mraba ulizikata kwa urefu gani?"

"Sitini na themanini. Hizo hazina shida."

"Basi mshazari wake ni ngapi?"

"Si nimeshasema, Mama? Mia na saba. Tepu hii hapa. Tepu haina chuki na mtu."

"Sijaiuliza tepu. Nakuuliza wewe, mwenye dhahabu."

Fundi alikohoa, akaitazama dari. "Sitini na themanini... mia na arobaini. Ukigawa kwa mbili, sabini."

"Sabini!" Bibi alilitamka neno hilo kama anayetoa unywele mdomoni. "Upande unaopaswa kuwa mrefu kuliko yote umekuwa mfupi kuliko themanini. Hongera, baba. Pembetatu ya namna hiyo haijapata kuzaliwa, umeizaa wewe."

Akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya meza. Sitini mara sitini, elfu tatu na mia sita. Themanini mara themanini, elfu sita na mia nne. Jumla, elfu kumi.

"Namba gani ikijizidisha yenyewe huleta elfu kumi?"

"Mia," alijibu binti, akifuta machozi.

"Mia kwenye chaki," alisema fundi. "Hiki ni kitambaa."

Lilikuwa neno la kwanza la maana kumtoka tangu asubuhi, na Bibi alichukizwa kwamba lilimlazimu kufikiri. Kama zile pande mbili zilikatwa sawasawa, basi mshazari, unaokatiza nyuzi za kitambaa na kuvutika upesi, ulirefuka baada ya kukatwa.

"Vipande hivi vililala wapi jana?"

"Pale." Fundi alionyesha msumari ukutani, chini yake vibanio vya nguo vilikuwa bado vimetapakaa. "Nguo iliyokatwa mshazari hutundikwa na kuwekewa uzito, ishuke kwanza, ndipo upindo ukatwe. Ndivyo kazi inavyotaka."

"Nguo iliyokwisha kushonwa! Marehemu mkeo alinieleza kanuni hiyo jikoni kwangu, wakati wewe ukipaka rangi kibao chako. Hivi ni vipande vitupu. Umevinyonga usiku kucha, kisha unavipima na kushangaa kwamba shingo zimerefuka."

Fundi akainama, akaanza kuokota vibanio.

Bibi aliagiza karatasi ya kaki, akachora pembetatu: sitini, themanini, mia. Kipande cha kwanza kilipolazwa juu yake, mshazari ulijaa mikunjo kama ulimi wa ng'ombe. Wakabana pembe zote tatu kwa pini, kisha fundi akapitisha pasi ya mvuke kwa juu bila kuburuta, kama alivyoamriwa. Taratibu mikunjo ikanywea, na ukingo ukalala juu ya mstari. Cha pili kikatii vilevile.

Binti mwenyewe aliilaza lesi. Ikapanda, ikageuka, ikashuka, ikafika mwisho. Vidole viwili vikabaki.

"Hii ziada," alisema fundi kwa sauti ndogo, "niipunguze kidogo tu, ikae sawa?"

Bibi alinyoosha mkono, kiganja juu. Fundi aliutazama mkono huo, akautazama mkasi, kisha akauweka kiganjani.

"Ikunje ndani."

Akaikunja ndani. Akavuta taa karibu, akatia uzi kwenye sindano, akaanza kuishona kazi ya mkewe kwa mkono, mshono mdogo baada ya mwingine. Ilikuwa mishono mizuri mno. Bibi aliiona, hakuisifu, na mkasi aliushikilia mapajani mwake mpaka fundi alipoukata uzi kwa meno.