Hapa Hakuna Kaburi

Mimi Loyce simwamini mtu anayekuja kwangu na kofia ngumu kichwani na shikamoo ndefu mdomoni. Juzi tu redio ilituambia mafuta yamepitwa na wakati, dunia inahamia kwenye umeme wa jua. Sasa wakubwa wamegombana huko Uarabuni, meli hazipiti, petroli imepanda hadi bodaboda wa Shelui wameegesha pikipiki zao. Ghafla kila mtu amekumbuka kwamba chini ya bonde letu la Wembere huenda kuna mafuta. Huenda! Nani alete magari mazito hadi huku kwa sababu ya huenda? Kuna kitu wanakijua.

Derick, kijana wa utafiti, alikuja na daftari. Alisema magari yao yatapita mashambani yakiitikisa ardhi ili wajue kilichomo chini. Akaomba tumwonyeshe makaburi, wayakwepe.

"Wakishayaandika, kesho watasema yahamishwe," nilimwambia shemeji yangu Chediel. "Na shamba litakwenda na mifupa."

Kaburi la mume wangu Paschal lilikuwa la kizamani, halina saruji, ni mawe tu yaliyopangwa. Tukayaondoa, tukayatupa korongoni, tukasawazisha udongo. Chediel alisitasita. Mimi nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima. Derick aliporudi, nikaweka dole gumba kwenye karatasi yake: hakuna kaburi.

Wiki iliyofuata magari yakaja. Kwa jirani yangu Yeremia yalifika karibu na kaburi la baba yake, yakasimama, yakazunguka mbali. Kumbe walisema kweli?

Kisha yakaingia kwangu, yakanyoosha moja kwa moja hadi pale pale.

"Mama, hapa kweli hakuna kitu?" Derick akauliza.

Chediel akanikazia macho. Jina la Paschal lilikuwa limeshafika kooni. Lakini kwa nini kijana huyu aulize mara ya pili? Nani kamnong'oneza? Labda anataka nikiri uongo, wanibane, shamba liende.

"Hakuna," nikasema.

Bamba la chuma lililo chini ya gari likashuka, likakandamiza, ardhi ikatetemeka hadi magotini mwangu. Chediel akaondoka bila kuniaga. Nikabaki namwomba Paschal msamaha kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini kabisa, maana Derick alikuwa bado ananiangalia.