Ukuta wa Fundi Barnabas

Fundi Barnabas alikuwa na domo, jamani! Mwaka wa sitini na nne alimjengea Mama Rispa ploti ya vyumba sita vya kupangisha pale Migori, vitatu vikitazamana na vitatu. "Wajaluo, Wakuria, Wakisii," akajipiga kifua, "wakionana kila siku watazoeana. Na mjini hakuna mambo ya ukwe!"

Hakuna? Ngoja. Chumba cha kwanza akaingia Nchagwa, Mkuria mchuuzi wa ng'ombe. Wiki ya pili, chumba kilichomkabili kikachukuliwa na Nyasuguta, muuza ndizi kutoka Kisii, mama mzazi wa mke wa Nchagwa. Nao wanaheshimiana hasa: mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, sembuse kupigana vikumbo kwenye bomba moja la maji.

Ikawa kioja. Nchagwa akitaka kutoka, hupita dirisha la nyuma, asikutane naye. Siku moja akakwama kiunoni, majirani wakamvuta huku wakicheka mpaka machozi. Nyasuguta naye akajifungia siku mbili, ndizi zikamwivia ndani.

"Wote wawili wanahama," Mama Rispa akamwambia Barnabas. "Wakihama, Migori nzima itajua nyumba yako haikaliki. Nani atakupa kazi tena? Utarudi Homa Bay ukaanike dagaa wa omena."

Domo likafungika. Barnabas aliogopa, tena sana. Asubuhi akaja na matofali, akajenga ukuta katikati ya ua, mrefu kumpita mtu, benchi la saruji kila upande, na kitundu cha kupitishia sahani.

Jioni Nchagwa akaketi huku, Nyasuguta kule.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama."

Sahani ya matoke, ndizi za kupikwa, ikapita kitunduni. Kesho yake wapangaji Wajaluo wakaleta samaki, Wakuria wakaleta maziwa ya mgando, kitundu kikawa hakipumziki. Hakuna aliyehama.

Domo likarudi! Jumamosi Barnabas alisimama uani akiwatambia wageni kwamba ukwe ni ushamba tu. Lango likafunguka. Akaingia Mama Monicah na sanduku kichwani, mama mkwe wake mwenyewe, moja kwa moja kutoka Homa Bay, amekuja kupanga chumba cha sita.

Barnabas aliruka nyuma ya ukuta, kofia ikabaki uani. Nchagwa, aliyekuwa benchini akila, akasogea kumpisha.

"Karibu, fundi," akasema. "Upande wa wakwe ni huku."